Sahihi za Marehemu wa Gorna Trepka

"Bundi, wanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Mkaguzi anatia sahihi saa sita kamili. Faili likifungwa tu, mwizi keshavuka mpaka. Zuia."

Redio ikakata. Saa tano na nusu.

Velichka Dromeva akakanyaga mafuta. Lada Niva ikaunguruma kupanda mlima, ikiifukuza Mercedes nyeusi ya Stamen Gerjikov.

Stamen! Suti ya waziri, akili ya kuku. Miaka mitatu nyuma aliomba ruzuku ya Umoja wa Ulaya: wauguzi wa kuwatembelea wazee arobaini wa Gorna Trepka majumbani mwao. Maombi yakapita. Fedha zikaja. Ripoti zikaenda kila robo mwaka, zimenyooka kama shati la harusi. Muuguzi je? Hata kivuli chake hakikuonekana. Na leo mradi unafungwa.

Kwenye kona Mercedes ikapiga breki, ikamshusha mlinzi, ikaondoka. Pande la mtu, bastola ya Makarov mkononi.

"Rudi ulikotoka, shangazi!"

Velichka akaufungua mlango kwa teke. Ukampata gotini. Makarov ikarukia mtaroni, mwenyewe akaifuata.

Pingu moja, mti wa plamu mmoja. Kazi imekwisha.

Kijijini akasimama penye nguzo ya kituo cha basi. Bibi kizee mwenye kitambaa cheusi alikuwa akibandika tangazo la kifo, picha na majina matatu, juu ya lile la zamani lililofifia. Nguzo nzima ilijaa matangazo hayo, kama nguzo zote za Bulgaria.

"Mzee wangu Grozdan," bibi alisema. "Leo mwaka mzima tangu azikwe. Mimi Tsona."

Velichka akatoa simu. Jana kalamu yake yenye kamera ilipiga picha orodha ya wagonjwa wa mwaka huu, na sahihi zao za Mei, ofisini kwa Stamen. Wa kwanza: Grozdan Minchev Talev.

Akaitazama nguzo. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Majina yaleyale, kwa mpangilio uleule, toka juu hadi chini.

"Bibi, muuguzi alimwona mzee Mei ya mwaka huu?"

"Mei? Mwanangu, Mei nilimpelekea kaburini ngano ya kuchemsha, kumbukumbu ya nusu mwaka! Mzee alimngoja muuguzi mpaka akakata roho. Nami namngoja wangu. Mguu huu mgonjwa hauioni theluji nyingine."

Faili likifungwa, Bibi Tsona angengoja mpaka naye abandikwe hapo.

"Panda garini, bibi."

Saa sita kasoro dakika mbili. Ukumbi wa halmashauri. Kahawa, sinia la banitsa za jibini, Stamen ametabasamu mpaka masikioni. Mkaguzi kutoka Brussels, mama mrefu wa miwani, kalamu i mkononi.

"Usitie sahihi, mama," alisema Velichka. "Kwanza kitendawili."

"Tega," Bibi Tsona akadakia.

"Hali, hanywi, hajibu simu. Lakini kila Jumatatu ya Mei alimtilia muuguzi sahihi."



"Huyo mzee wangu," alisema Bibi Tsona. Akaliweka mezani tangazo lililobaki. Tarehe ya kifo ilisomeka mpaka mlangoni.

Mkaguzi akalinganisha na orodha. Akaifunika kalamu.

Stamen akarukia dirisha. Koti likanasa kwenye komeo. Akaning'inia, miguu juu juu, kama kuku wa sokoni.

"Nilikosea wapi?" alilia. "Maombi safi! Ripoti safi! Risiti zote zipo!"

"Miaka mitatu, milango arobaini ya kugonga," alisema Velichka. "Hata kuiba umeonea uvivu. Ukanakili nguzo."

"Mradi haufungwi," alisema mkaguzi. "Atapewa mwingine auendeshe. Bibi, muuguzi atafika kabla ya theluji. Nitakuja mwenyewe kugonga mlango wako nihakikishe."

Redio ikakoroma. "Bundi, hali?"

"Faili liko wazi, Mkuu. Kuku mmoja dirishani, mwingine kwenye plamu. Waje wawachukue."

Velichka akamega banitsa ya Stamen, akaionja, akairudisha siniani.

"Nayo imelala tangu jana."

Akampa Bibi Tsona mkono. Wakatoka polepole, kwa mwendo wa ule mguu.