Kitabu Kisicho na Golikipa

Mkahawa wa karibu na chuo ulikuwa umefurika Jumamosi ile ya theluji, na kiti pekee kilichobaki wazi kilikuwa mbele ya Annika Rautio. Annika alikuwa amevaa sweta la kijani la bibi yake, anasoma riwaya ambayo jaladani pake palikuwa na kijana kifua wazi aliyeshika gongo la hoki. Wasichana wengine wa chuo walizoea kufunika majalada ya namna hiyo kwa karatasi. Yeye alikiinua kitabu chake juu kila mtu aone.

Kijana mrefu mwenye jaketi la timu ya chuo akaomba kukaa. Akakitazama kitabu, akatabasamu.

"Huyo atashikwa na baridi."

"Usimhurumie. Kuna wa kumpa joto ukurasa wa mia mbili."

Kijana akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Alikuwa Dane Petrosky, golikipa wa timu ya hoki ya barafuni, mwaka wa mwisho. Akamuuliza anapata nini humo, na kwa kuwa hakuuliza kwa dharau, Annika alimjibu kwa moyo mmoja. Alisema ukiwa na miaka ishirini na moja umeshatoka kwenu, si mtoto tena na hujawa mtu mzima, na hakuna anayekufundisha kupenda. Vitabu hivi vinakuonyesha mwanamume anayeshangiliwa na uwanja mzima, halafu anatetemeka kwa sababu inambidi kumwomba msichana radhi.

"Na anaomba?"

"Asipoomba, kitabu tunakirudisha dukani."

Basi wakapendana. Walikula pai za nyama garini, vioo vimejaa ukungu, wakapigiana simu mpaka mmoja asinzie, na Dane akakiazima kile kitabu. Annika akawa anatembea shingo juu. Alikuwa anapendwa, na hakuwa amebadilisha chochote ili apendwe.

Ikaja Ijumaa ya mechi. Annika alimpigia Dane asubuhi kumtakia heri, simu ikaita mpaka ikakatika. Mchana vilevile. Jioni akasimama kwenye mlango wa wachezaji, amevaa jezi yenye jina la Petrosky mgongoni, midomo ameipaka rangi nyekundu, riwaya mpya kwapani. Dane akaja na wenzake. Mmoja wao akaliona jalada, akapiga mluzi, na wengine wakacheka. Dane akatazama mbele, akampita kana kwamba amepita nguzo.

Annika alirudi bwenini, akaivua jezi, na hakulia mpaka alipomaliza kuikunja. Mechi ilipokwisha Dane alipiga simu tena na tena, na safari hii yeye ndiye hakupokea. Alimwambia Lorelei, mwenzake wa chumba, kwamba mwanamume anayemwonea aibu hamtaki, hata awe na mabega ya jaladani.

Lorelei, ambaye kaka yake naye alikuwa golikipa, alimtazama kwa huruma.

"Shoga, siku ya mechi golikipa hasemi na mtu. Mama alikuwa anamwekea kaka chakula mezani, anaondoka. Wanaamini wakifungua mdomo mabao yanaingia. Mji mzima unajua. Vitabu vyote hivyo vya hoki, hukulijua hilo?"

Hakulijua. Katika vitabu vyake mpenzi siku zote alikuwa nahodha au mshambuliaji, na hao hubusu wachumba wao mpaka mlangoni mwa uwanja. Asubuhi akampigia Dane.

"Ungeniambia."

"Nilidhani unajua. Umesoma maktaba nzima."

"Golikipa hayumo."

"Nimeona. Kile ulichoniazima nimekimaliza. Golikipa katokea kurasa mbili, na zote anakula."

Annika alizuia kicheko, kwa sababu lilikuwa limebaki jambo moja.

"Na walipocheka, Dane? Ulinyamaza kwa ajili ya mechi, au kwa aibu?"

Dane akasema kweli.

"Kwa mechi. Lakini nilishukuru kwamba ni siku ya mechi. Nimekosa, mpenzi. Nisamehe."

"Nimekusikia," alisema Annika. "Sasa nataka nione."

Mechi ya mwisho ya nyumbani, wachezaji wanaomaliza chuo huingia barafuni mmoja mmoja na watu wao kabla ya mchezo, mtangazaji akiwataja. Dane aliingia katikati ya mama yake na Annika. Mtangazaji akamtaja mama, kisha akasema, "Na mchumba wake, Annika Rautio, msomaji wa riwaya za mapenzi." Vicheko vikasikika huku na huko. Annika aliinua kidevu.

"Ni wewe uliyemwambia aseme hivyo?" alinong'ona, asitarajie jibu.

Dane akamgeukia mbele ya timu nzima.

"Ni mimi. Na nimemwambia aseme kwa sauti."

Wenzake wakaduwaa. Golikipa alikuwa amesema, na mechi haijaanza.

Jioni ile walifungwa mabao manne. Wachezaji wanamlaumu Annika mpaka leo, na lawama hizo yeye huzipokea kwa fahari.