Mikono ya Kusukuma Kioo

Kila Jumamosi Caren alifua sare yake, kisha akasugua basi. Basi lenyewe halikuwa likienda popote. Lilikuwa limeegeshwa kando ya soko la Dagoretti, na mama yake, Millicent, alikuwa akiligeuza kuwa hoteli ya chai na chapati. Yalibaki madirisha tu. Bei ya vioo vipya ilimtoa Mama jasho, kwa hiyo alinunua vilivyotumika kwa muuza vyuma chakavu, pamoja na raba za kuvishikilia.

Jumamosi hiyo mawingu yalikuwa mazito. Mvua ikiingia, meza mpya za mbao zingevimba na hoteli isingefunguliwa.

"Mimi nitavuta kamba ya kuingiza raba kwenye fremu nikiwa ndani," Mama alisema, akipaka raba sabuni ili iteleze. "Nje wasukume wawili. Baba yako yuko kazini Kilimani. Kamwite Ajwang hapo jirani."

Caren akanywea. Muhula mzima alikuwa akimwita Ajwang "Matumbo", kwa kuwa baba wa msichana huyo hufanya kazi kichinjioni. Ajwang akiingia darasani, Caren huziba pua, na darasa zima huiga. Mzaha ulikuwa umemnogea kweli kweli, msanii wetu.

Akazunguka nyuma ya basi, akatazama kuku kidogo, akarudi. "Hayuko."

Wakajaribu wenyewe. Caren akasukuma upande huu, kioo kikaponyoka upande ule, kikatawanyika chini kama punje za mahindi.

Aliposikia kishindo, Ajwang akatoka nyumba ya pili, mikono imejaa povu.

"Umerudi saa ngapi, mwanangu?" Mama akauliza.

"Sijatoka, Mama Caren. Nilikuwa nafua. Hakuna aliyeniita."

Mama akamgeukia binti yake.

"Niliogopa kumwita," Caren akasema chini chini. "Huwa namtania."

"Unanitania vipi?" Ajwang aliuliza kwa upole. "Mwambie. Kwa sauti ile ya darasani."

"Matumbo."

"Na pua? Mwonyeshe."

Caren akaziba pua mbele ya mama yake. Wanunuzi wa mboga za sukuma wiki pale sokoni wakageuka kutazama. Mama hakumwokoa.

Ajwang akajipangusa mikono, akasimama kwenye dirisha lililofuata. Mama akavuta kamba, wasichana wakasukuma kwa viganja, raba ikakaa. Dirisha moja, jingine, hadi yakaisha. Ajwang hakumtupia Caren hata neno. Pengo la kioo kilichovunjika wakaliziba kwa bati. Mvua iliponyesha, meza zilikuwa kavu. Ajwang akakataa chai, akakimbilia kuanua nguo.

"Tumeshapatana, Mama," Caren akasema, akitabasamu.

"Nani kakwambia?" Mama alikuwa akizoa vioo. "Ungesema ukweli mapema, singekuwa nafagia hapa. Na Ajwang amenisaidia mimi. Wewe hajakusamehe. Msamaha utauomba Jumatatu, kule kule darasani, wote walioziba pua wakisikia."