Shemeji Yangu Ndiye Aliyetuandikisha Baada ya Mafuriko

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na kwetu ni kando ya mto Kamukuywa. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika darasa la kanisa, kwa sababu ya mambo nitakayowaeleza hapa.

Mwaka ule wa mafuriko nilikuwa nikiishi na watoto wangu na mama mkwe wangu, Namalwa. Mume wangu, Wekesa, alikuwa ameandikwa kazi kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, na nyumbani tulimwona mara chache sana. Jirani yetu alikuwa ndugu yake mdogo, Makokha. Huyo alisoma misheni. Alivaa koti hata siku za kazi, na watu walimheshimu. Mimi pia nilimheshimu.

Mto ulifurika mchana, tukiwa tunapalilia mahindi. Nilikimbia nyumbani nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, maji yamefika magotini, amekumbatia kuku mmoja. Tulipanda kilimani na watoto. Kutoka kule juu tuliona ukuta wetu ukilala, kisha ghala la mahindi likaelea likaenda zake... Nyumba ya Makokha ilikuwa juu kidogo. Ilipata nyufa tu.

Tulijenga kibanda cha matawi na majani ya migomba. Baada ya siku kadhaa tukasikia msaada unakuja: unga, maharagwe, blanketi za kijivu zenye mstari mwekundu, miti ya kujengea, na mbegu za mahindi kutoka mashamba ya Kwanza, kaskazini ya Kitale. Liguru, yule mzee wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaja na karani kuandika majina ya walioangukiwa na nyumba. Meza yao ilikuwa chini ya kilima chetu.

Makokha akaniambia, "Shemeji, wewe kaa na mama, amechoka. Mimi nitawaandikisha. Hao makarani wanataka mtu anajua kusema nao."

Nilimshukuru. Nilifurahi hata, kwamba tuna mwanamume wa kutusemea.

Siku ya kugawa tulisimama juani tangu asubuhi. Karani akasoma majina mpaka mwisho, na yetu hayakusomwa. Akauliza, "Kuna mtu hajasikia jina lake?" Niliinua mkono. Makokha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja, shemeji. Nyinyi mko kwa orodha ya pili. Ukileta kelele hapa watatufuta sisi wote."

Nikashusha mkono wangu.

Orodha ya pili haikuja. Mvua ilizidi kunyesha na kibanda kilivuja kila pembe. Mama mkwe akaanza kukohoa. Nikaenda kwa liguru, naye hakuniangalia hata usoni. "Si bwana yako anafanya kazi Kitale? Mzungu wake ndiye atakulisha."

Basi nikatembea mpaka Kitale, mtoto mdogo mgongoni. Njia ilikuwa matope matupu, na mahali pengine daraja halikuwapo tena. Kule shambani mnyapara akaniambia kwamba posho ni ya mfanyakazi na wale wanaokaa kambini. "Wewe ni mtu wa rizavu. Rudi rizavu, kwenye ardhi mliyotengewa." Wekesa alinigawia unga wake mwenyewe, lakini alikasirika. Alisema Makokha atatengeneza mambo, nisizunguke maofisini kama mwanamke asiye na watu. Nilimshika mkono nikamwambia mama yake ni mgonjwa. Akasema atakuja akipata ruhusa.

Nikaenda Bungoma, ambako orodha zilipelekwa. Karani wa ofisi moja ya huko alipekua karatasi zake mpaka akapata.

"Namalwa. Mke wa Wekesa. Watoto wawili. Mbona nyinyi mlishapewa? Hii hapa alama ya kidole."

"Kidole cha nani?" nikauliza.

"Chako, mama."

Nilimwonyesha kidole gumba changu. Nilimwambia sijawahi kukiweka kwenye karatasi yoyote tangu nizaliwe. Hakuwa mtu mbaya, alinihurumia. Lakini alisema karatasi imeshasema, na yeye hawezi kuandika watu mara mbili. Nirudi kwa liguru. Na liguru, nilipofika, akanituma Bungoma! Je, wasomaji, ningelia kwa nani? Kitale hawanijui, Bungoma nimeshapewa, na nyumbani mtu mzima analala kwenye majani yaliyolowa...

Nilipomwambia mama mkwe kwamba namshuku Makokha, alikataa. "Huyo ni mwanangu wa mwisho," alisema. "Hawezi." Akageukia ukuta wa majani.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nilimwona mama mmoja amejifunika blanketi ya kijivu yenye mstari mwekundu. Kwake ni mbali juu mlimani, mto haujawahi kufika. Binti yake ndiye Makokha alikuwa akimposa. Nilimsalimu nikaisifu blanketi yake. Naye kwa furaha akanijibu, "Mkwe wangu ameniletea. Moja yangu, moja ya mzee."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Makokha. Nilimkuta anasimamisha nyumba mpya ya mke anayekuja, kwa miti ya msaada. Shambani kwake mahindi yalikuwa yameshachomoza.

"Shemeji, blanketi ya mama iko wapi?"

Hakukana. "Sasa ningeenda ukweni mikono mitupu? Mama ana wewe. Na Wekesa ana mshahara."

"Mama anakohoa mpaka hawezi kukaa."

"Nitamletea. Ngoja kwanza nimalize hii nyumba."

Kesho yake majirani walinisaidia kumbeba mama mkwe kwa kitanda mpaka zahanati. Wahudumu wa pale walisema ni homa ya mapafu, na kwamba tumechelewa. Siku ya tatu akafa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Makokha alikuja matangani akilia kwa nguvu. Alileta blanketi mpya ya kijivu, akamfunika nayo mama yake ndani ya jeneza, na wazee wakamsifu kwamba ni mtoto anayejali. Hapo sikuweza kuvumilia tena. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kila kitu, tangu meza ya karani mpaka kanisani. Hakuna aliyemwuliza Makokha neno lolote. Liguru alisema msiba umenichanganya akili. Mume wangu, aliyekuwa amefika kwa mazishi, alinivuta kando: "Usiniaibishie ndugu mbele ya watu."

Makokha alioa. Kina mama wa kanisa ndio walionikatia nyasi na kunikandikia nyumba kule kilimani, bila orodha na bila karani.

Baada ya mwaka Wekesa alikuja. Akasema, "Siku ile ya matanga nilijua husemi uongo. Lakini yule ni ndugu yangu." Nilimpakulia chakula. Tunaishi pamoja mpaka leo, ila kuna jambo lilikatika siku hiyo na halijaunganika.

Je, namchukia Makokha? Ndiyo, siku nyingine. Lakini kinachonisumbua zaidi ni ule mkono nilioushusha mimi mwenyewe. Karani aliuliza, nami nilikuwa na mdomo.

Nawaomba, dada zangu, mkipatwa na janga kama letu, msikubali kuandikwa na mtu mwingine, hata akiwa shemeji, hata akiwa msomi. Simama mwenyewe, taja jina lako na la mzee uliye naye, ungoje mpaka uone likiandikwa. Na wewe unayeshika kalamu, nenda ukamwone mtu mwenyewe. Mama Namalwa alikuwa pale kilimani siku zote, akikohoa, mwendo mfupi tu kutoka mezani. Hakuna aliyepanda kumwuliza.