Pumzi Ndani ya Mrija

Jua lilikuwa linadidimia nyuma ya milima ya Kongo, na upepo wa ziwa ukileta harufu ya dagaa wa Kibirizi hadi madirishani, Scola alipoingia wodini kupima maji ya Rozalia. Kazi ya kawaida tu kwa muuguzi. Angalia, andika, nenda kanywe chai.

Rozalia alikuwa mzazi kutoka Simbo. Homa ya uzazi ilikuwa imemkausha, na kichanga chake kilikuwa chumba cha pili kikililia nyonyo. Daktari Alphonce alimpitishia mpira kwenye mshipa wa shingo hadi karibu na moyo, akauunga na mrija mrefu wenye rula, uliosimamishwa kwenye stendi. Maji ya mrija ule hupanda na kushuka kwa pumzi ya mgonjwa. Yakikaa chini, mwili una kiu, mwongeze dripu. Yakipanda sana, moyo umezidiwa. Hapo funga dripu haraka, la sivyo mapafu yatajaa, na mtu atazama kitandani bila hata kuliona ziwa.

Scola hakuwa mtu wa kubembeleza. Sifuri ya mrija aliiweka mwenyewe mchana, kwa pimamaji ya fundi mwashi, sawasawa na msalaba aliouchora kwa kalamu ubavuni mwa Rozalia, usawa wa moyo. "Watu wanadanganya," alizoea kusema. "Maji hayadanganyi."

Jioni ile maji yalikuwa yamepanda juu kabisa.

Akafunga dripu.

"Sista... maji," Rozalia akanong'ona. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Maji gani tena? Umejaa hadi shingoni!"

Chini, kwenye mkeka, mama mkwe wake Rozalia, bibi Nyabenda, akainua uso. "Mpe kidogo tu, mwana wanje, mwanangu."

"Bibi, nivue gauni hili la unesi nikupe uvae wewe?"

Scola akageuka aondoke.

Ndipo harufu ikamshika.

Haikuwa ya dagaa. Hii ilikuwa ya mawese yaliyochacha, na nyuma yake kitu kingine... kama nyama iliyolala ndani ya maji siku nyingi. Ikamjaa mdomoni. Akameza mate, yakapita yakiteleza kama kamasi.

Akautazama mrija tena.

Rozalia alikuwa anahema mbiombio, kama mbwa kwenye jua la mchana. Lakini maji... yalipanda taratibu. Yakatulia. Yakashuka taratibu. Kama tumbo la mtu aliyekula akashiba.

Haikuwa pumzi ya Rozalia.

"Bibi," akanong'ona, "nani mwingine yuko hapa?"

"Ni sisi tu." Lakini macho ya bibi yalikimbilia kwenye godoro.

Scola akapapasa shingo ya mgonjwa. Moyo uliozidiwa hutunisha mishipa. Hii ilikuwa imelala, mitupu. Akaichukua pimamaji, akailaza kutoka sifuri hadi msalabani. Tone la hewa likakimbilia upande mmoja. Msalaba wa ubavuni ulikuwa juu ya sifuri, kwa upana wa kiganja kizima! Mrija haukuguswa. Mgonjwa ndiye aliyeinuliwa. Na kifua kikiinuka, sifuri ikabaki chini, mrija hutangaza mafuriko hata kwenye mwili mkavu. Scola alilijua hilo. Ila alisoma tu, hakulinganisha upya.

Alikuwa anamuua kwa kiu.

"Umeweka nini hapa chini?"

"Kinga," bibi akasema. "Kwetu mzazi mgonjwa halazwi mgongo mtupu. Niliiingiza ulipotoka mchana. Ni majani makavu tu, mganga wa Kidahwe alinipa, nikayafunga kwa mikono yangu. Usifungue, sista. Alikataza."

Scola akachomeka mkono chini ya godoro. Bila glavu. Hasira haivai glavu.

Kilikuwa cha moto.

Na kilikuwa kimelowa.

Akakivuta. Fundo la kitenge, ukubwa wa kichwa cha mtoto, likichuruzika mafuta mekundu hadi kiwikoni mwake. Fundo likalegea lenyewe. Nywele! Nywele za watu, zimegandamana kwa mawese, funza wakifurukuta ndani yake kama wali uliopata uhai. Na katikati... kitu chenye ngozi laini, nyeupe, kisicho na jicho wala mdomo. Kikafura. Kikanywea. Kikafura.

Mrijani, maji yakakifuata. Juu... chini... juu.

"Yesu wangu!" bibi akalia. "Hicho sicho nilichofunga mimi!"

Scola akatoka mbio, kitu kikimpumulia kiganjani, akakitumbukiza kwenye shimo la kutupia makondo ya nyuma, nje ya wodi. Akasikiliza kitue.

Hakusikia kikitua.

Akatapika palepale, kisha akarudi. Akalinganisha sifuri upya. Maji yakaporomoka hadi karibu na chini, yakaanza kuchezacheza kwa haraka, kwa pumzi ya Rozalia mwenyewe. Akafungulia dripu yote.

Kesho yake Rozalia alikojoa, akaomba uji, akapewa mwanawe anyonyeshe. Daktari Alphonce akautoa mpira shingoni. "Kifua kiliinuliwa, kipimo kikaharibika," akasema. "Hayo mengine ni uchovu, sista."

"Na huu uvundo, dokta?" Scola akamnyooshea kiganja.

Daktari akarudi nyuma, amebana pua.

Jioni, adhana ya magharibi ikisikika kutoka msikitini, Scola aliingia chumba cha kuoshea vyombo kuusugua mkono ule kwa Jik, kwa mara ya ngapi, hakukumbuka tena. Ngozi ilishaanza kubanduka. Harufu ilikuwa palepale.

Pembeni, stendi ilisimama na mrija wake. Haujaunganishwa na mtu. Maji kidogo yalikuwa yamebaki ndani.

Yalikuwa yanapanda... yanashuka. Yanapanda...

Scola akaziba pumzi.

Maji yakasimama.