Kitambaa cha Mwongeli

Alhamisi soko la Kitui halina nafasi ya mtu kusimama akawaza, lakini Mwongeli alisimama mbele ya kibanda cha Kaloki, fundi wa simu, akaiweka simu yake mezani kwa hasira. Alivaa gauni la bluu na kitambaa chekundu kichwani, kimekazwa hadi juu ya masikio. Mafundi wawili walikuwa wameshambadilishia kioo, akasema, na bado akikigusa ni bure.

Kaloki alikigusa, simu ikafunguka. Akamwambia ajaribu yeye. Simu haikufunguka. Ndipo akaomba kuuona mkono wake. Mwongeli alikuwa akisuka vyondo, vikapu vya katani, tangu utotoni kwao Kasikeu, na kusokota katani kulikuwa kumezikausha ncha za vidole hata kioo hakizitambui.

"Simu ni mzima," Kaloki alisema. "Ni vidole zimefanya kazi sana."

Hakuna aliyewahi kuvisifu vidole hivyo. Mwongeli alicheka, na Kaloki, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, akaangusha bisibisi.

Alimtengenezea njia nyingine: kitufe cha sauti cha kupokelea simu, kitufe cha kuwashia, kile cha pembeni, cha kukatia, na ujumbe wa kusema badala ya kuandika. Mwezi mzima Mwongeli alipita kila Alhamisi, wakanywa chai na kutaniana. Kaloki alimpenda, na hilo halikuwa siri kwa yeyote sokoni. Lakini uso kwa uso ulimi ulikuwa mzito, akaona swali lake kubwa aliulize kwa simu.

Alipiga mara tatu. Kila mara Mwongeli alipokea, akasema haloo kwa sauti ya furaha, na Kaloki alipofika "nilikuwa nataka kukuuliza," simu ikakatwa. Mara ya tatu alijiambia asiyekutaka hakuambii toka, akaacha kupiga. Alhamisi iliyofuata alifunga kibanda.

Ijumaa Mwongeli alirudi, akamkuta kibandani.

"Unaanza kuniuliza kitu, halafu unakata. Mara tatu, Kaloki. Kama umebadilisha nia, si useme tu."

"Ni wewe unakata."

Walitazamana. Kaloki akapiga simu palepale, akamwomba afanye kama siku zote. Mwongeli alibonyeza kitufe, akasema haloo, akaisokomeza simu ndani ya kitambaa sikioni, akachukua kiondo chake aendelee kusuka. Kitambaa kikabonyeza kitufe cha pembeni, kile cha kukatia. Simu ikakatika.

Fundi aliona aibu. Alikuwa ameulizia vidole, hakuulizia simu inakaa wapi.

"Na za wengine hazikatiki?"

"Za wengine ni fupi, nashika na mkono," Mwongeli alisema, macho kwenye katani. "Yako nilitaka ikae."

Kaloki alikiondolea kitufe hicho kazi ya kukata.

"Sasa nitakata aje?"

"Hutakata."

Akatoka, akasimama ng'ambo ya wauza nyanya, akapiga. Aliuliza kama anaweza kwenda Kasikeu na wajomba zake kuwaona wazazi wa Mwongeli. Kwa mbali aliona vidole vyake vikisimama juu ya uzi. Kisha vikaendelea.

"Kujeni Jumamosi," sauti ilisema sikioni mwake. "Na msichelewe, mama hapendi."

Alisubiri simu ikatike. Haikukatika, alisikia tu katani ikipita kwenye vidole vya Mwongeli.