Kilo Mbili na Nusu za Anyosisye

Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika ukumbi mmoja jirani na stendi ya Tunduma, bondia Anyosisye alipanda kwenye mizani akiwa na bukta tu, na mizani ikasoma kilo 63.7. Mkataba wa pambano la kesho yake ulisema mwisho ni 61.2. Akavua bukta nyuma ya taulo, akapanda tena. Zikapungua gramu chache tu.

Kocha wake, Sadoki, alifungua daftari lake la mazoezi akalitazama kama mtu aliyekabidhiwa daftari la mwingine. Wiki tatu mfululizo aliandika uzito wa kijana kila asubuhi, na kila asubuhi ulikuwa 61.1 au 61 kamili. Jana yake, Alhamisi saa moja, 61.1.

Msimamizi wa upimaji alikuwa Gwalugano, mama wa makamo asiyecheka hovyo. Alieleza kanuni mara moja tu. Kambi zote mbili zina mpaka saa kumi jioni kukubaliana uzito mpya. Zisipokubaliana, pambano linafutwa, na kwenye taarifa anaandika kwamba Anyosisye amekuja na uzito wa udanganyifu.

Mpinzani, kijana Mwape kutoka upande wa Zambia, alikuwa ameshapimwa akapata 61 kamili. Meneja wake, Chanda, baba mnene mwenye sauti ya upole, alikataa papo hapo. Alisema hila hiyo anaijua: mtu anakuja mzito makusudi ili ampige mwenzake aliyejinyima chakula mwezi mzima. Yeye haleti mtoto wa watu kupigwa na mjanja.

Mama yake Anyosisye, Tulinagwe, alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake. Ni mwenyeji wa milima ya Ileje aliyehamia Mlowo na anapika chakula pale barabarani, wateja wake madereva na wapakiaji. Ngumi hakuzipenda hata siku moja. Lakini alijua kwamba kesho kuna mtu anatoka Dar es Salaam kumtazama mwanawe, akimpenda ampe mkataba, na kwamba taarifa ya udanganyifu ikiandikwa, mtu huyo hatapanda hata basi.

Wa kwanza kufungua mdomo upande wao alikuwa Jofrey, mdhamini. Alisema kwa huzuni, kila mtu akasikia, kwamba yeye hashangai. Kijana analala kwa mama lishe. Ugali wa mama ndio umempiga kabla ya Mzambia.

Watu wakacheka. Sadoki hakucheka, aligeuka akamwangalia Tulinagwe.

"Mama Anyo, jana usiku alikula nini?"

"Uji kikombe kimoja. Na mchicha."

"Uji wa kilo mbili na nusu?"

Hapo ndipo mama huyu alipoanza kuwa mpelelezi. Hakusomea, aliishia darasa la saba, ila alikuwa anashtakiwa kwa chungu chake.

Alianza na mizani ya ukumbini. Alimwomba Gwalugano, kwa heshima, aithibitishe mbele ya watu. Gwalugano hakukasirika. Alitoa kwenye begi jiwe la mizani la kilo ishirini, la chuma, akaliweka. Ishirini kamili. Chanda akaongeza kwamba Mwape alipimwa jimu kwao asubuhi ile ile akapata hiyo hiyo 61. Basi mizani ya ukumbi ilikuwa safi, na shutuma zikamrudia mama.

Saa nne na nusu akamwita Irene kando. Irene anauza vitambaa Mlowo, na ni mchumba wa Anyosisye ingawa wote wawili wanasema ni marafiki tu. Tulinagwe alimuuliza bila kumtisha, akimwita mwanangu, kama kuna chakula alichompelekea kambini. Irene aliangalia viatu vyake. Akakiri: Jumatano, chapati.

"Ngapi?"

"Mbili, mama. Ya pili tuligawana."

Kocha Sadoki, aliyekuwa akisikiliza, alitaka kuanza kufoka. Tulinagwe akamwuliza yeye kama kocha amewahi kuona chapati moja na nusu yenye uzito wa jogoo wawili. Tena chapati ililiwa Jumatano, na Alhamisi daftari lilisema 61.1. Irene akawa huru, akaenda kukaa karibu na Anyosisye, na ule urafiki tu ukaishia hapo mbele ya macho ya watu wote.

Sasa mama alibaki na mambo mawili kichwani. La kwanza ni la nyumbani. Suruali aliyomshonea mwanawe Krismasi ilikuwa imeanza kubana kiunoni, na wiki mbili zilizopita aliifumua akaiongeza. Alipomwambia Anyosisye amenenepa, kijana alicheka: "Mama, mizani inasema 61. Suruali yako ndiyo imesinyaa." Mama aliamini mizani kuliko mikono yake mwenyewe. Mzazi mwenzangu, usifanye hivyo.

La pili lilikuwa maneno ya Jofrey, na hapa lazima nimweleze mtu huyu.

Jofrey ni mnunuzi wa mahindi na maharage pale Mlowo. Ana ghala kando ya barabara, na mbele ya ghala ana benchi, na kwenye benchi hilo mazungumzo ni ngumi tu. Hakuna bondia asiyemjua. Ana maoni juu ya kila mmoja, na hataki ubishi. Mabondia wanaokwepa sana, anasema, ni sawa na wateja wanaouliza bei siku nzima. Bondia mwenye misuli mikubwa ya kifua hafiki raundi ya nane, kwa sababu misuli nayo inakunywa pumzi. Wazito wa Ulaya hukutanishwa wakishachoka, pambano linatangazwa miaka mitano, na siku likipigwa ni wazee wawili wanakumbatiana. Mtanzania akipigana na Mzambia, anasema, usitazame mikono, tazama nani anarudi nyuma raundi ya tatu. Wakulima waliosubiri kupimiwa magunia walimsikiliza wakasahau foleni. Na kusema haki, mara nyingi alichosema ndicho kilichotokea.

Anyosisye alikuwa kama mboni ya jicho lake. Alimnunulia glavu, akamlipia kocha, na kwa kuwa kambi haikuwa na mizani, akamruhusu kupimwa kila asubuhi saa moja kwenye mizani yake ya magunia, bure.

Mwaka mzima Jofrey alihubiri kwamba kilo 61 ndio uzito wa Anyosisye, kwamba pale hana wa kumpiga kusini yote. Kisha, wiki tatu nyuma, kambi ilipoanza na kijana akaanza kupimwa pale ghalani, akageuka. Kila siku kwenye benchi akawa anasema kijana apande uzito. Mkataba ubadilishwe. Uzito wa chini si wake, ana mifupa mikubwa. Watu walimcheka, wakasema bosi ameogopa Mzambia. Tulinagwe alimsikia kwa masikio yake alipokuwa akipeleka maharage ya kuchemsha kwa wapakiaji.

Mama akajiuliza swali moja, akalirudia mpaka likanyooka. Mtu anayeona 61 kila asubuhi kwenye mizani yake mwenyewe, kwa nini aseme kijana ni mzito?

Saa tano na robo alimwendea Chanda. Sadoki alisema ni kujidhalilisha, lakini mama alienda.

"Baba, una gari?"

"Ninalo, bamayo," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Kabla hatujaondoka, naomba upande kwenye hiyo mizani. Na viatu vyako, na simu yako, hivyo hivyo ulivyo."

Chanda alishangaa, ila alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo. Akapanda. Kilo tisini. Gwalugano aliandika kwenye karatasi, akachukua begi lake lenye jiwe la mizani, akasema na yeye anakwenda, kwa sababu ameshaelewa mama huyu anaelekea wapi. Jofrey alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua ghala. Ijumaa ni siku ya mzigo mkubwa.

Walifika Mlowo saa sita na dakika arobaini. Foleni ilikuwa ndefu, magunia ya maharage yamepangwa mpaka kwenye mfereji. Jofrey aliwaona watu wanne wakishuka, Chanda, Gwalugano, Sadoki na mama, akaja kuwapokea kwa tabasamu akisema soda zinakuja. Tulinagwe alisema soda baadaye. Akaomba mgeni apimwe uzito.

Jofrey alisema mizani ina kazi. Mama akasema ni dakika moja. Jofrey akasema betri iko chini. Mkulima wa kwanza kwenye foleni, mama mmoja wa Kinyiha aitwaye Anastazia, akasema mbona gunia lake limepimwa sasa hivi na betri hiyo hiyo.

Chanda alipanda, na viatu, na simu. Mizani ikasoma 86.4.

Chanda akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba amepungua zaidi ya kilo tatu kwa mwendo wa saa moja na kidogo, na kwamba angejua kuna mahali hivi angemleta mke wake zamani. Foleni ikaangua kicheko. Gwalugano hakucheka. Alitoa jiwe lake la chuma, akaliweka katikati ya mizani.

19.2.

Kicheko kikakatika. Watu wa Mlowo wanajua hesabu ya gunia kuliko hesabu ya shule. Anastazia aligeuka akaangalia magunia yake.

"Kilo ishirini inasoma kumi na tisa na kidogo," Tulinagwe alisema. "Hamsini inasoma arobaini na nane. Na kijana wa kilo sitini na tatu na ushee inasoma sitini na moja. Mwanangu hakudanganya mtu. Alipimwa kama gunia la maharage."

Jofrey alikaa kwenye benchi lake. Alijaribu kusema mizani imeharibika, huenda ni vumbi. Mama akamwuliza kama ni vumbi, yeye alijuaje wiki tatu zilizopita kwamba kijana ni mzito, mpaka akataka mkataba ubadilishwe. Jofrey alitazama foleni, akamtazama Sadoki, halafu akasema ukweli, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Mizani aliichezea misimu miwili iliyopita. Kilo mbili kwa kila hamsini, haionekani. Anyosisye alipoanza kupimwa pale, siku ya kwanza tu alijua kijana amezidi uzito.

"Ungemwambia," Sadoki alisema.

"Ningemwambiaje? Anapimwa saa moja asubuhi, foleni yote inatazama. Nikisema ongeza mbili na nusu, kila mtu anarudi kuuliza gunia lake."

"Jioni je? Ukiwa naye peke yako?"

"Ungekuja wewe kesho yake kuniuliza kwa nini. Wewe huachi kitu, Sadoki." Alijifuta uso. "Nilisema apande uzito. Nilisema kila siku. Hakuna aliyenisikia."

"Ulisema kama shabiki," Tulinagwe akamjibu. "Shabiki anasema lolote. Ulitakiwa useme kama mwenye mizani. Na leo asubuhi, mbele ya watu, ukanitupia mimi na ugali wangu."

Jofrey aliinamisha kichwa. Hakukana. Alisema mbele ya foleni ile kwamba mama hana kosa na kijana hana kosa.

Gwalugano alipiga simu kwa watu wa vipimo, wakaja wakaifunga mizani kwa utepe na kumwandikia Jofrey karatasi ya kuitikia wito. Chanda hakungoja hayo. Alimwambia mama kwamba pambano lipo: raundi nane, kilo 64, bila mkanda wa ubingwa, kwa sharti moja, kwamba yeye na Mwape wapate ule ugali uliosingiziwa. Walikula palepale Mlowo, na chakula cha Mwape kikafungwa kwenye hotpoti. Saa tisa na dakika hamsini Gwalugano alikuwa Tunduma akigonga muhuri.

Nimeandika haya kwa ajili ya mama na baba mwenye mtoto wa michezo. Mtoto wako akipewa kitu cha bure kila asubuhi, nenda ukaone chenyewe ni nini. Usione aibu kuuliza. Na mikono yako ikikwambia mtoto amenenepa, amenenepa.

Jumamosi saa kumi jioni ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mtu wa Dar alikuwepo, mstari wa mbele. Tulinagwe alikaa kati ya Irene na Gwalugano, raundi tatu za kwanza akitazama sakafu, ya nne akitazama kwa jicho moja. Jofrey naye alikuja. Alikata tiketi kama wengine, akakaa nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza anaonaje. Alivumilia raundi tano. Ya sita, Mwape alipoinua mikono kulinda uso, Jofrey akashindwa kujizuia akasimama juu ya kiti.

"Mbavu, Anyo. Mbavu ziko wazi."

Anyosisye alipiga mbavu. Mwape alikunja goti, akahesabiwa mpaka nane, akainuka, na kengele ikamwokoa. Mwisho wa raundi ya nane majaji wote watatu walimpa Anyosisye, na mtu wa Dar akawa anaandika namba ya simu ya Sadoki.

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Wakulima wa Mlowo waliokuwa wamekaa mstari wa nyuma walirukaruka na Jofrey, wakamkumbatia, wakakubaliana naye kwamba kweli bosi macho unayo. Kisha Anastazia akamshika bega, bila kugombana, akamkumbusha kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi watakuwa ghalani na magunia yao kudai kilo walizopunjwa, na kwamba Gwalugano amekubali kuwaazima jiwe la kuhakiki mizani mpya.