Wanaume wa Mfukoni

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa tatu asubuhi, na tope la soko la Nakivubo, mjini Kampala, likanata viatuni kama ugali mbichi.

Lamwaka alipita kati ya wauza chupa, amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa leso ya kijani. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na tisa, sweta la kazi mwilini na rozari shingoni. Mchana alifagia stoo ya sayansi ya chuo kimoja. Jioni alisoma biolojia hapohapo. Asubuhi hiyo chupa moja ya stoo ilikuwa imepasuka mikononi mwake na spiriti ilikuwa inavuja. Asipopata nyingine upesi, kilichomo kingeharibika, na yeye angefukuzwa.

Leso ikateleza.

"Yesu! Amebeba kidole cha mtu!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Watu wakasogea. Kweli kilifanana na kidole: shina jembamba lenye magamba, na juu yake vipande vyeupe kama kucha. Mtu akaokota jiwe. Lamwaka akasema tu moyoni: Bwana, si hapa.

"Acheni!" Muuza chupa mfupi mwenye kofia ya kufuma alipanda juu ya kreti, akaichukua chupa na kuiinua kwenye mwanga. "Kidole gani kina manyoya ndani? Hii ni samaki ya bahari. Rudini kwa kazi!"

Wakacheka, wakatawanyika.

"Ni samaki kweli?" muuza chupa akamnong'oneza Lamwaka.

"Hapana, ssebo," Lamwaka akajibu, akimwita bwana kwa Kiganda. "Ni ndugu ya kaa."

"Basi nimedanganya soko nzima kwa ajili yako, nnyabo," akasema, naye akimwita bibi. "Mimi Nasif. Chupa mpya chukua. Namba ya simu uniachie."

Mpaka Oktoba walikuwa hawapitishi siku bila kupigiana simu. Nasif alikuwa Mwislamu wa Old Kampala. Lamwaka Mkatoliki, aliyelelewa na mjomba wake Oola, polisi mstaafu wa kambi ya Nsambya. Wazee walisitasita, kisha wakakubali: Jumamosi tarehe 18, wazee wa Nasif wangefika kwa Oola kumposa Lamwaka.

"Wewe mrefu hivi, siku moja utaniangukia," Nasif alimtania kwenye simu.

"Sikuangukii. Nitakutia mfukoni."

"Mfukoni kuna joto?"

"Kuna joto na rozari."

Nasif alicheka, lakini moyo wake ulijikunja. Mchumba wake wa kwanza alimwacha akisema anaona haya kutembea naye barabarani. Hilo hakuwahi kumwambia Lamwaka.

Lamwaka naye alikuwa na hofu yake. Alhamisi tarehe 16 alitakiwa kueleza habari za yule mnyama wa kwenye chupa mbele ya watahini. Akishindwa, masomo yamekwisha. Alifanya mazoezi na Princesse, Mkongomani wa darasani kwao, na lugha yao wote wawili ilikuwa Kiswahili. Cha Lamwaka kilikuwa cha kambi ya polisi, ambako jogoo, fahali na sajini wote huitwa mwanaume. Jumatatu jioni alirekodi sauti, akaituma:

"Sikia, dada. Mwanamke ndiyo mkubwa. Wanaume yake ni kidogo-kidogo, inakaa kwa mfuko yake. Haina mdomo, haina tumbo. Kazi yake ni moja tu! Na mwanamke moja anaweza kuweka hata tatu." Akamalizia kwa kicheko.

Asubuhi Princesse akamuuliza, "Dada, mbona sauti yako haijafika?"

Lamwaka akatazama simu, na damu ikamkimbia usoni. Sauti ilikuwa imeenda kwa Nasif. Na ilikuwa imesikilizwa.

Akapiga.

"Nasif, mpenzi..."

"Mimi sina mdomo, nnyabo. Unataka niongee na nini?"

"Si wewe! Ni mnyama!"

"Sasa mimi ni mnyama."

Simu ikakatwa, kisha ikazimwa. Kibanda chake Nakivubo kilikuwa kimefungwa. Siku mbili Lamwaka alimtafuta bila kumpata. Kila alipomwona mjomba Oola akipaka rangi mlango kwa ajili ya wageni, alipita mlango wa nyuma. Usiku alipiga magoti: Bwana, ulimi wangu mwenyewe umenichongea. Jumatano akaandika ujumbe: "Njoo kesho saa kumi na mbili jioni, darasani. Sikiliza mpaka mwisho. Halafu ukitaka kwenda, nenda."

Alhamisi watahini watatu waliketi mbele. Lamwaka alieleza kwa Kiingereza, na alipokuwa anamaliza akamwona Nasif mlangoni, amevaa kanzu nyeupe, mikono kifuani.

"Mweleze na mgeni wetu," akasema mwalimu wao, Madam Vera. "Kama umeelewa kweli, utaweza."

Lamwaka akaishika meza.

"Huyu anaishi chini kabisa ya bahari, kwa giza. Watu wa elimu waliona ganda yake, wakamweka na konokono. Miaka mingi! Mpaka walipoona mtoto wake anaogelea kama mtoto wa kamba, wakajua wamekosea. Huyo mtoto anatembea kwa jiwe, anapima, anapima. Akichagua, anabandika kichwa kwa gundi yake, na hatoki tena. Kikonyo kinakua, miguu inabaki juu, kama manyoya, inachuja chakula." Akasogeza lenzi. "Na hawa ni wanaume yake. Kila moja kama chembe ya chumvi, ndani ya mfuko, pembeni ya ganda. Hawana mdomo. Lakini bila wao, ukoo unakwisha."

Nasif alikuja polepole, akainama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Wako wawili," akasema.

"Wakati mwingine tatu."

"Kumbe si mimi."

"Wewe una mdomo, Nasif. Tena mwingi."

Darasa likacheka. Nasif hakucheka.

"Kuna mmoja aliniacha sababu ya ufupi. Niliposikia sauti yako, nikaona ni yule amerudi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

Nasif akawageukia watu wote.

"Walimu, na nyinyi wanafunzi, mnisikie. Jumamosi naleta wazee wangu kwa mzee Oola. Na nikisikia tena neno la kunikata, nitauliza kwanza. Sitakimbia kabla ya kuuliza. Wallahi, mbele yenu."

Lamwaka akaibana rozari kiganjani.

"Na mimi, mbele ya Mungu na Madam Vera, naahidi. Kuanzia leo nitasema madume."